Wajina wa Tata Ziwani

Juzi mjukuu wangu alinipeleka Bukoba mjini kupimwa macho. Daktari akanitia dawa ya matone, akasema nitaona ukungu mpaka jioni, nisitembee ovyo. Basi nikamwambia mjukuu tukakae ufukweni, kama sioni angalau nisikie. Na kusikia nilisikia. Ni kiangazi, upepo unatoka kusini, Ziwa linapiga. Mjukuu akatoa simu yake, kubwa kama kigae, akanisogezea karibu na pua.

"Bibi, hebu ona hawa Wazungu."

Nikaona buluu, na juu ya buluu kitu kama mchwa. Akanieleza kuwa ni watu wamesimama juu ya mbao, wanabebwa na mawimbi ya bahari, na wengine ndiyo kazi yao, wanalipwa mshahara. "Na wana lugha yao, Bibi. Wimbi likiwa hivi lina jina, likiwa vile lina jina lingine, mtu akianguka kwa kichwa kuna neno lake. Ukikaa nao hujui wanasema nini."

Nikacheka mpaka ile dawa ikatoka na machozi. Nikamwambia, mjukuu wangu, lugha hiyo mimi niliisema kabla baba yako hajazaliwa, Uhuru haujaja, Mwingereza yumo bomani mwake. Nilimwona anasita. Alidhani dawa ya macho imepanda kichwani. Halafu kicheko kikanikatikia mdomoni. Lilikuwa limenirudia neno moja la lugha ile, moja tu, na neno hilo mpaka leo likinijia natazama chini, hata kama niko peke yangu na kuku.

Ngoja nikusimulie, rafiki yangu. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo ukiona nimeanza na Ziwa nikaingia jikoni, nivumilie, nitatoka tu.

Kwetu ni upande wa Maruku. Ukisimama mwisho wa kibanja cha bibi, migomba iko mgongoni kwako, mbele ni rweya, yale majani marefu ambayo hayalimwi na mtu, kisha nchi inakatika ghafla kama mkate, na chini kabisa ni Ziwa. Wazee wakiliita Lweru. Ukiwa jikoni unasugua chungu unalisikia linavyopumua. Sisi watoto tulijua kabla ya watu wazima kwamba kiangazi kimefika, maana pumzi ile ilibadilika, ikawa nzito, yenye kituo.

Kiangazi ndiyo kahawa. Tulichuma asubuhi na umande, vidole vikinata utamu wa maganda, tukaanika kwenye mikeka, tukafukuza kuku, tukageuza, tukafukuza kuku tena. Kahawa ikikauka inalia ukiikoroga kwa mkono, kama kokoto ndogo. Bibi yangu, mama wa baba yangu, alikuwa akichagua punje nzuri anazichemsha na majani yenye harufu, anazikausha tena, anaweka kwenye kikapu kidogo cha kupokelea wageni. Mgeni alitafuna kwanza, ndipo akaulizwa habari. Mchana alifungua chungu, mvuke ukapanda, majani ya mgomba yameiva yamekuwa ya kahawia, na ndani ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage vimelala pamoja. Siku hizi nakula kwenye sahani yenye maua, lakini harufu ya jani lile siipati. Haya, nimeingia jikoni kama nilivyokuonya. Natoka.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa mkamuaji. Mgeni wa Bukoba anaweza asiijue kazi hii. Ndizi za pombe zinavundikwa shimoni mpaka ziive, zinamenywa, zinamwagwa ndani ya mtumbwi mrefu uliochongwa kwa gogo moja, zinachanganywa na nyasi, halafu mwanamume anapanda humo na kuzikanyaga. Anakanyaga mpaka zinaachia maji. Maji hayo ni matamu, watoto wote mnasogea na vibuyu vyenu. Baadaye yanatiwa mtama uliokaangwa, yanafunikwa, yanachacha, yanakuwa lubisi. Mwanamke hakukanyaga, wala mtumbwi ule hakuuruka. Tata alishika mti uliosimikwa pembeni, akayumba kulia, akayumba kushoto, akiimba, na povu likapanda mpaka magotini. Aliitwa kijiji hiki na kile, maana watu walisema lubisi ya miguu yake haina mfano. Nikiwa mdogo nilijivuna. Miguu ya baba yangu ilinukia ndizi hata Jumapili.

Lakini ujira wa mkamuaji ulikuwa ndani ya kibuyu. Akimaliza kukanyaga kwa mtu, siku ya kunywa anaitwa, anakunywa, na akitoka hapo unamsikia angali mbali. Sauti inatangulia. Leo analeta nyama! Leo ataezeka nyumba upya! Leo mtamjua yeye ni nani! Sauti inapanda, inakaribia, unaona kanzu nyeupe kati ya migomba inayumba kulia, inayumba kushoto, nasi tumesimama mlangoni tunangoja. Na mara kimya. Anakuwa ameanguka chini ya mti wa kahawa, pale pale, hatua chache tu, amelala. Bibi alikuwa akisema, "Mwanangu njia anaijua, mlango ndio haujui." Anasema hivyo anachukua shuka, anakwenda kumfunika.

Sisi tulikuwa Walutheri. Mchungaji alihubiri juu ya pombe karibu kila Jumapili, na bibi alikaa benchi la mbele na shingo imenyooka, wakati mwanawe amesimama nje ukutani kwa sababu hakuthubutu kuingia. Watoto waligeuka kunitazama. Hapo ndipo nilipoanza kunusa ile miguu kwa namna nyingine.

Mwaka ninaokuambia, mama yangu alikuwa ameondoka. Alifunga mdogo wangu mgongoni, akarudi kwao Muleba, juu kule Kamachumu. Hakupiga kelele. Alimwambia bibi, "Akinifuata kama mtu anavyofuata mke, nitarudi." Na kumfuata mke kwetu kulikuwa na utaratibu wake. Huendi mikono mitupu. Unakwenda na kibuyu cha lubisi kilichozibwa, na mdomo wa kwanza ni wa baba mkwe. Kibuyu kikishaguswa njiani, hata kwa funda moja, hicho si kibuyu tena, ni matusi. Afadhali usitokee.

Sasa twende Ziwani.

Kazi yangu ya mchana ilikuwa kukata majani rweya, ya kutandika sakafuni. Nilikuwa na mkono mwepesi, nikimaliza mapema natazama chini. Na chini walikuwako wavulana, wanapanda mawimbi. Walikata mgomba uliokwisha kuzaa, hasa ule wa ndizi za pombe maana ni mnene, wakaunganisha vipande viwili kwa vijiti, wakaulalia kwa tumbo. Hakuna aliyesimama kama hao wa kwenye simu. Tuliteleza kama mamba. Gogo bichi linaelea vizuri, linateleza, na likikuchoka unaliacha, kesho unakata lingine, na bibi anashangaa migomba yake inakwenda wapi.

Walikuwa na lugha. Nilikaa juu ya mwamba siku nyingi nikiisikiliza, na ilikuwa Kiswahili kilichotiwa Kihaya, lakini nilikuwa sielewi kitu. Wimbi likiwa mbali walisema bado bichi. Likianza kujikunja, mmoja anapiga kelele, "Limeiva!" na wote wanapiga maji. Aliyegeuzwageuzwa chini ya maji, huyo amepikwa. Aliyetupwa mchangani na tumbo lake, ameanikwa. Na aliyevuliwa nguo na wimbi, akabaki anaitafuta huku amejiziba kwa mikono, basi pwani nzima inamwimbia, "Amemenywa! Amemenywa!" Jikoni kwa mama zetu kote kulikuwa kumehamia majini.

Lakini yaliyonishika ni majina. Kila namna ya wimbi ilikuwa na jina la mtu mzima. Kulikuwa na Mwalimu: linakuja limenyooka, linakuchapa mgongoni, lakini linakufikisha. Kulikuwa na Katekista, refu, la chini, haliishi, unabebwa mpaka unataka kusinzia. Karani, kama yule wa kupima kahawa, linakuinua juu vizuri, unajiona mzito, kisha linakuachia pungufu. Na lile dogo linalocheka miguuni halafu linavuta mchanga wote chini ya nyayo zako, hilo lilikuwa Bibi.

Nilishuka siku moja nikasema nataka kupanda. Mkubwa wao alikuwa mtoto wa karani mwenyewe.

"Wasichana hawapandi. Ziwa linakasirika."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Kwani wewe ndiye Ziwa?"

Wenzake wakacheka, naye akaona aibu kunifukuza. Akasema, "Haya. Lipa jina."

Ndipo nikaelewa jinsi walivyopanga. Kila aliyeingia alilipa jina la mtu mzima wa nyumbani kwake mwenyewe, si wa kwa jirani. Mtoto wa mwalimu alimlipa mwalimu, mtoto wa katekista alimlipa katekista. Hivyo hakuna aliyeweza kumchongea mwenzake, maana akisema moja yanatoka yote, na fimbo zingetembea kijiji kizima.

"Bibi," nikasema haraka.

"Bibi tunaye."

"Mama."

"Mama yako yuko Muleba. Hulipi kwa mtu ambaye hayupo."

Wote walijua amebaki nani. Walikuwa wanachezea mchanga kwa vidole vya miguu, wanangoja. Na mimi nikatazama Ziwa, na wakati ule ule mbali kabisa likainuka wimbi lenye kichwa cheupe, kubwa kuliko yote, linanguruma. Likaja likiyumba kulia, likiyumba kushoto, ungesema leo litabomoa nchi. Na kabla ya kufika, pale penye mwamba uliozama, likaanguka lote kwa mara moja. Kikabaki kipovu. Hata miguu yetu halikulowesha.

Nikanyoosha mkono. "Lile ni Mkamuaji."

Rafiki yangu, walicheka mpaka wakakaa chini. Mtoto wa katekista alijipigapiga mapaja, anaiga Tata anavyoimba, anaanguka mchangani, anakoroma. Mtoto wa karani akasema, "Hilo ndilo jina bora tulilo nalo." Na mimi nilifurahi. Sikufichi kitu, nilifurahi, masikio yalinipata moto kwa raha. Nilipewa gogo siku ile ile.

Na kupanda, je? Nisikudanganye, sijapata tena kitu kama kile. Unalala juu ya gogo, limekuwa la baridi kifuani, unasikia utomvu wake. Nyuma yako maji yanavuta pumzi. "Limeiva!" Unapiga mikono, na mara Ziwa lote linakuingia chini ya tumbo na kukusukuma, na mdomo wako uko wazi. Nilikuwa mwepesi, nilifika mbali kuliko wavulana. Na kila lilipoinuka lile kubwa, tulipiga kelele kwa sauti moja, "Mkamuaji huyo! Mwacheni, hafiki!" Ilikuwa kama kuonyana, maana ukilipanda hilo linakuangusha mwambani. Nilipiga kelele nao. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, ilisikika juu ya zao.

Halafu jioni nakwenda nyumbani na majani yangu kichwani, namkuta Tata amekaa mlangoni. Kwa maana nilisahau kukuambia: kiangazi kile hakuwa anakunywa. Alikwenda kukanyaga, akarudi mkavu, hajaonja. Bibi hakusema neno, aliogopa kulitaja jambo lisije likakimbia. Tata alikuwa anakusanya nguvu za kumfuata mama. Aliponiona ananisogezea kikapu cha ndizi za kuchoma, anauliza, "Nywele zako mbona zina mchanga?" Nasema upepo. Ananipangusa kwa kiganja.

Lubisi ya kupeleka Muleba aliikanyaga mwenyewe, kwa ndizi za kibanja chetu. Nilikaa karibu na mtumbwi, sikuugusa, nikamtazama. Hakuimba siku ile. Alikanyaga kama mtu anayesali. Ilipochacha akaijaza kwenye kibuyu kikubwa chenye shingo, akaziba kwa jani la mgomba alilolikunja vizuri. Bibi akapiga pasi kanzu kwa makaa. Katekista, pamoja na mahubiri yote, akamwazima koti lake. Siku ya kuondoka watu walisimama njiani tangu nyumbani mpaka barabarani yanapopita malori.

"Nenda salama, waitu!"

"Usalimie wakwe!"

"Usirudi peke yako, bwana, tutakufunga kamba!"

Tata alicheka. Akainama kwangu akasema, "Nikirudi tutakuwa watu wengi. Mwambie bibi achemshe chungu kile kikubwa."

Bibi alikichemsha siku ya pili. Alikichemsha na siku iliyofuata. Siku hiyo, nilipoona anatazama njia sana, nilishindwa kukaa, nikakimbilia Ziwani.

Upepo ulikuwa mkali. Tulikuwa wote majini, migongo iko ufukweni, nyuso ziko Ziwani, na lile kubwa likainuka. Tukapiga kelele kama kawaida yetu.

"Mkamuaji huyo anakuja! Mwacheni, hafiki!"

Nyuma yetu sauti ikasema, "Nimeshafika. Nani hafiki?"

Tuligeuka. Tata alikuwa amesimama mchangani, amevaa kanzu na koti la katekista, viatu mkononi. Baadaye nilifahamu kwa nini alipita huko. Barabara ilikuwa na macho ya watu wote waliomsindikiza. Alishuka kwenye lori mbali, akashika njia ya ufukweni, ambako hakuna mtu isipokuwa watoto. Alikuja kujificha kwetu.

Kibuyu kilikuwa begani kwake, kimeinama mdomo chini. Hakikuwa na jani.

"Wasibota, waitu," mtoto wa karani alimwamkia kwa heshima, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Wasibota. Mnaniita, mkiitikiwa mnanyamaza?"

Hapo mdogo kuliko wote, mtoto wa mwalimu, akafikiri anasaidia. "Si wewe, waitu. Ni wimbi. Wimbi lina jina lako."

"Wimbi?"

"Ndiyo. Yapo majina ya watu wengi. Kuna Mwalimu, kuna Karani, kuna Katekista. Kila mtu analipa la nyumbani kwao."

Akamaliza, akaona sura zetu, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Umechelewa, mtoto. Tata hakuuliza zaidi. Macho yake yalitupita mmoja mmoja mpaka yakanifikia, na maji yalikuwa kiunoni kwangu, nikatamani yafike juu ya kichwa. Nilingoja anitukane. Nilingoja hata akate fimbo, maana fimbo ingekuwa rahisi.

Akaweka viatu chini. Akaweka kibuyu juu ya viatu. Akasema kwa upole kabisa, kama mtu aliyefika nyumba ya kigeni, "Haya, mwanangu. Nioneshe wajina wangu."

Wavulana walitoka majini mmoja baada ya mwingine, wakachukua nguo zao, wakaondoka bila kuzivaa. Tukabaki wawili. Akaingia majini na kanzu yake, akasimama kando yangu. Hakuwa amelewa. Alinuka jasho na vumbi la lori, na kwa mbali sana, ndizi.

Tukangoja. Likapita Katekista. Likapita Mwalimu, likatuchapa. Halafu mbali likainuka lenye kichwa cheupe.

"Ni lile?"

"Ndilo, Tata."

Akalitazama linavyokuja. Likayumba, likanguruma, likakua. Niliomba, rafiki yangu. Sikumwomba Mungu kanisani hata siku moja kama nilivyomwomba mle majini, kwamba hili moja lipite mwamba, lije, litupige, lituanike wote wawili. Likafika kwenye mwamba likaanguka. Kipovu kikaja kikatuzunguka kiunoni, kikafa.

"Huwa halifiki kabisa?" aliuliza.

"Siku nyingine linafika," nikasema.

"Uliliona lini?"

Tukangoja lingine, nalo likaanguka. Na jingine. Mwishoni akasema, wala si kwa hasira, ndiyo maana nashindwa kulala nikikumbuka, "Mmemwita vizuri. Ni yeye huyo." Akakamua maji kwenye ncha ya kanzu, bure tu, maana bado alikuwa amesimama majini. Kisha akasema, "Mama yako usimwambie kuna wimbi."

Tulipanda rweya. Bibi aliona kanzu iliyolowa, akaona kibuyu, akaepua chungu motoni. Habari ya njiani aliisikia kwa watu wa lori, akaniambia nilipokuwa mkubwa. Karibu na Muleba lori liliharibika. Abiria walikaa chini juani, wakasikia harufu ya kile kibuyu, wakaanza kumsifu. Hii ni ya nani? Ni ya miguu ya nani? Huwezi kujua maana ya hilo kwa mkamuaji. Kwa kanisa alikuwa aibu, kwa nyumba alikuwa aibu, lakini pale barabarani watu asiowajua walikuwa wanauliza miguu yake. Akafungua jani ili wanuse tu. Mmoja akaomba tone. Naye kwa desturi ya kazi yake, kabla ya kumpa mtu, akaonja. Wakwe walikuwa juu ya mlima, paa lao linaonekana. Akakaa anakitazama kibuyu kilichoguswa. Wakakimaliza wote, yeye akanywa kidogo kuliko wengine. Akageuka.

Baada ya kiangazi mjomba alikuja kunichukua, nikakae na mama. Kule Kamachumu Ziwa unaliona kwa mbali sana, kama shuka lililoanikwa. Mama alinipakua ndizi, akaniuliza bila kunitazama, "Baba yako anasemaje?" Nikasema, "Anakuja." Aliniuliza hivyo mara nyingi, nami nikajibu hivyo hivyo, mpaka siku moja akaacha kuuliza. Tulisikia kwamba Tata aliondoka tena na kibuyu, mwaka uliofuata, kimezibwa. Alionekana kwenye soko la chini ya mlima. Alimtuma mchukuzi wa kahawa atusalimie, akauliza mimi ni mrefu kiasi gani. Mama alikesha na taa mlangoni. Tata alifariki kule Maruku muda mfupi kabla ya Uhuru, na mimi nilifika wamekwisha kumzika.

Kuhusu wimbi sikumwambia mama. Hilo nililishika.

Basi tukiwa pale ufukweni juzi, mjukuu wangu hakuniacha. Nilipomwambia limeiva na amepikwa alicheka sana, akasema, "Bibi, rudia, naandika." Nikamfundisha zote. Ameanikwa, amemenywa, Mwalimu, Katekista, Karani na mizani yake. Wale waliozisema nami hawapo tena, na migomba ile minene imekatwa watu wamejenga, na watoto wa siku hizi wanaogelea na dumu la plastiki. Nilikuwa nampa urithi, naye anaupokea kwa kidole, anabonyeza bonyeza.

Ukungu ulikuwa umeanza kunitoka machoni. Niliweza kuona weupe mbali.

"Bibi, na lile? Lile kubwa kule nyuma, linainuka sana halafu linaanguka kabla ya kufika. Lile mliliitaje?"

Nikalitazama. Likaja likiyumba, kulia, kushoto, kama mtu anayerudi nyumbani na nyama. Nikajikuta nimesogeza miguu mbele, mpaka kwenye mchanga ulioloa.

"Lile," nikasema, "halikuwa na jina."

Akaandika.